Agali Miguuni pa Dereva

Mdogo wangu Mwadime alidhani ni mkanda wa feni ya gari. Ilikuwa wiki tuliyomzika baba, tunapanga nguo zake uani kwetu Voi, naye akauchomoa chini kabisa ya sanduku, akauzungusha kidoleni na kusema, "Huyu mzee hakutupa kitu. Hata mkanda wa feni!" Watu wakacheka kile kicheko cha wafiwa waliochoka kulia. Mimi sikucheka. Harufu ilikuwa imeshanifikia: udi, vumbi, na chini yake damu, ingawa akili inaniambia damu ya zamani vile haiwezi kunuka tena. Nikasikia mawe yakigonga bati. Nikakaa palepale kwenye mkeka, na shangazi akadhani ni uchungu wa msiba.

Ninyi mnaolingana nami umri, mliolelewa Ghuba na mama manesi na baba madereva, mngeijua mara moja. Ilikuwa agali, lile duara jeusi la sufi ambalo mwanamume wa Kiarabu huvaa kichwani kushikilia kitambaa chake cheupe. Hii ilikuwa kuukuu, imepauka upande mmoja. Mwadime alizaliwa tulipokwisha kurudi Kenya, hawezi kuijua. Kwake baba alikuwa mzee wa jicho moja aliyeuza spea za baiskeli, na kuhusu jicho la pili tulimwambia ni ajali ya kazini. Ajali! Miaka yote hiyo nimelimeza neno hilo kama dawa chungu.

Tuliishi Qatar, pembezoni mwa Al Rayyan, katika jumba lililokatwakatwa vyumba vya kupangisha. Mama alikuwa nesi na ndiye aliyetangulia Doha. Baba alifuata, akaajiriwa kuendesha mabasi ya serikali, ambayo wakati huo yalikuwa mapya kabisa, viti vyake bado vimevikwa nailoni. Ruti yake iliishia kwenye raundabauti mbele ya nyumba yetu. Kushoto, barabara ya njia nne, yenye taa na mitende iliyomwagiliwa maji, ilikwenda kwenye mazizi ya ngamia wa mbio, na basi jingine lilikwenda huko kutwa, tupu, likipoza viti kwa kiyoyozi. Kulia, lami ilikatika ghafla. Kilichofuata ni uwanja mpana wa kokoto, na ng'ambo yake shabiya, mtaa wa nyumba fupi za zamani zilizopasuka kuta. Huko hakuna basi lililokwenda.

Kichwa changu cha kitoto kilikuwa kimepanga dunia vizuri: Waarabu ni mabosi, sisi wengine ni wafanyakazi. Watu wa shabiya waliniharibia mpango huo. Walikuwa Waarabu, walivaa kanzu nyeupe, walisali na kuongea kama mabosi, lakini mapaa yao yalivuja na wanawake wao walivuka zile kokoto kwa miguu, watoto mgongoni, jua likiwachoma hadi nguo nyeusi zikawa kijivu kwa vumbi. Nilimuuliza mama. Akaniambia wamezaliwa hapa, baba zao walizaliwa hapa, ila serikali haiwatambui kuwa raia, kwa hiyo hawapewi barabara, hawapewi kazi.

"Walifanya nini?" nikauliza.

"Hawakufanya kitu, Wakio."

Sikumwamini. Kwetu mtu hapigwi bure. Nikaamua kwamba ni Waarabu waliopewa adhabu, na kwamba wazazi wangu wanalijua kosa lao ila wananificha.

Rafiki yangu Nura alitoka huko. Alikuwa na macho makubwa, ulimi mkali na pumu. Siku za vumbi kifua chake kilipiga mluzi, na kaka yake Rashid alimbeba begani kuvuka kokoto hadi kwenye kituo cha baba, kisha wakapanda basi kwenda hospitali. Rashid alikuwa kijana mrefu, mkimya. Alijua kuendesha magari makubwa tangu hajaota ndevu, kwa kuwa alimsaidia baba yake, mzee Bu Rashid, na gari la kuuza maji, mpaka gari lile likafa. Alikwenda ofisi ya mabasi akaomba udereva. Wakamkatalia, akarudi, wakamkatalia tena. Halafu wakamleta baba yangu kwa ndege kutoka Kenya, mtu asiyejua hata njia ya kwenda mji wa jirani wa Wakrah, wakampa usukani. Sasa hivi nikilifikiria napandwa na hasira kwa niaba ya Rashid. Wakati ule nilijivunia tu kofia ya baba yenye nembo.

Mawe yalianza na wavulana wadogo wa shabiya. Basi likifika kwenye raundabauti walitokea nyuma ya vifusi na kurusha, wakakimbia. Nilikuwa ndani mara nyingi, kwa sababu baba alinichukua shule kwenye mzunguko wake wa alasiri. Jiwe likigonga bati la basi kwa nje, wewe uliye ndani unalisikia kwenye meno. Abiria Wanepali waliinama wote kwa pamoja bila kuambiana, mikono kichwani. Baba hakuinama. Alishika usukani, akasema, "Mama, lala chini ya kiti," akiniita hivyo kama alivyozoea, kwa kuwa nina jina la mama yake, na akageuza basi taratibu asije akamkanyaga mtoto. Siku moja jiwe lilipasua dirisha la pembeni, vigae vya kioo vikaingia shingoni mwa dada mmoja Mganda aliyekuwa akirudi kazini. Alipiga kelele mpaka basi liliposimama. Baba alifuta damu ile kwenye kiti kwa leso yake mwenyewe.

Baada ya hapo ndipo Bu Rashid mwenyewe alipokuja. Abiria walikuwa wameshuka wote, nimebaki mimi na baba. Mzee akapanda, akasimama karibu na usukani, akaongea kwa muda mrefu. Kiarabu cha baba kilikuwa cha kituoni: panda, shuka, ngoja, lipa. Aliitikia kwa kichwa kwa heshima, akarudia, "Inshallah, baba, inshallah," kama alivyomjibu kila Mwarabu aliyemzidi umri. Mimi nilimsikia mzee akilitaja basi, na jina la Nura. Kisha akaivua agali yake na kuitupa chini. Ikaangukia miguuni pa baba, kando ya breki.

Baba akainama, akaiokota. Alikuwa amelelewa na bibi mkali, na kitu cha mtu mzima kikianguka huwezi kukiacha chini. Akaipangusa vumbi kwa mkono wa shati na kumrudishia mzee kwa mikono miwili, kichwa ameinamisha, akitabasamu. Bu Rashid akaanza kulia. Akaivaa agali, akambusu baba puani kama wanavyosalimiana wao, akashuka akitembea haraka kuliko nilivyowahi kumwona akitembea.

"Maskini, uzee," baba akaniambia. "Ameanza kuangusha vitu."

Nami nikacheka.

Jioni hiyo, mara tu baada ya magharibi, wanawake wa shabiya walituletea sinia la wali. Nyama ya kondoo mzima juu yake, vitunguu vya kukaanga, zile ndimu kavu nyeusi zinazotoa uchachu ulimini. Mama akauliza ni sikukuu gani. Wakacheka, wakamshika mashavu, wakaondoka. Tulikula hadi tukashindwa kuinuka. Baba alisema, "Hawa watu si wabaya, ni dhiki tu," akanichambulia nyama ya mbavuni. Ninavyoandika hapa bado mdomo unajaa mate kwa ule wali, na papo hapo naona aibu.

Alasiri ya siku iliyofuata, basi lilipokaribia raundabauti, niliwaona. Wanawake na watoto wa shabiya walikuwa wamesimama kwenye ukingo wa mtaa wao, ng'ambo ya kokoto, nguo zimepigwa pasi, Nura amesukwa nywele. Wavulana walikuwa wamesafisha njia. Mawe makubwa yamesogezwa kando, yamepangwa pande zote mbili. Hakuna aliyekuja kituoni. Nikawapungia mkono kwa nguvu zangu zote, nikidhani wametoka kumpokea mgeni. Baba akageuza basi kama kila siku. Mkono wa Nura ulikuwa umenyanyuliwa nusu, ukabaki hivyo.

Walisimama tena kesho yake, na kesho kutwa. Baba akaona ajabu. "Wanangoja nini huko?" alisema. "Si waje hapa kama zamani?" Nami nilimkasirikia Nura kwa kunipuuza.

Kisha ikaja siku ya vumbi. Anga lilikuwa rangi ya chai ya maziwa, taa za magari zimewashwa mchana. Basi likafika, nikaona kivuli cha watu palepale ukingoni, mwanamke amekaa chini na mtoto mapajani. Baba akaanza kugeuza. Mtu akatoka kwenye vumbi akikimbia, na kabla sijajua ni nani kioo cha mbele kikapiga kelele. Alikuwa Rashid, ana mtaimbo wa kubadilishia matairi. Akapiga tena. Kioo kikaingia ndani chote, kikamwagika juu ya baba. Akapitisha mikono pale palipokuwa na kioo, akamshika baba ukosi, akamvuta nje juu ya dashibodi, na vipande vilivyobaki vikamchana baba kutoka kifuani hadi kwenye paja.

Wengine wakaja. Sikuwajua, niliona miguu tu. Walimpiga baba kwa mateke, kwa mawe, kwa ngumi. Sauti ya teke kwenye mbavu ni nzito na haina mwangwi. Baba alijikunja akafunika kichwa, na Rashid akamtoa mikono kichwani ili ampige usoni. Niliruka nje nikamng'ata mkononi. Niling'ata hadi nikasikia kitu kinakatika kati ya meno na mdomo wangu ukajaa chumvi, sikuachia. Hakunipiga. Alikuwa akilia kama mtoto, akipiga kelele neno moja, na neno hilo Kiarabu changu cha kuchezea na Nura kililitosha.

"Aliiokota! Aliiokota!"

Nikadhani baba ameiba. Hilo ndilo lililonijia: kwamba baba yangu kaokota kitu cha watu, kakificha, na ndiyo sababu tunauawa. Nikaachia meno.

Polisi walifika upesi, magari mengi. Walimlaza Rashid kifudifudi kwenye kokoto, wakampiga na wao, viatu juu ya shingo, rungu kwenye vifundo. Uso wake ulikuwa umeelekea upande wangu. Nilifurahi kila rungu lilipoteremka, na nilitamani wasiache. Gari la wagonjwa lilikuja kumchukua dereva wa serikali. Mama yake Nura akajitupa mbele ya magurudumu, wakalazimika kumpakia mtoto naye, sakafuni, kando ya machela. Hivyo ndivyo Nura alivyofika hospitali siku ile: amelala kwenye damu ya baba yangu, akivuta hewa kupitia kinyago, amenikodolea macho.

Jicho la kushoto la baba halikuokoka. Alipoweza kuongea alisema neno moja tu, tena na tena: "Kwa nini?" Aliyemjibu alikuwa Ustadh Idris, mwalimu Msudani aliyepanga chumba cha chini kwetu na aliyewajua watu wa shabiya. Alikaa kwenye ukingo wa kitanda akazungusha tasbihi yake, akatueleza polepole, kana kwamba tuko darasani.

"Kwa watu hawa, mwanamume akiivua agali na kuitupa miguuni pako, ametupa kichwa chake. Anakuomba jambo ambalo hana pengine pa kuliomba. Ukiiacha chini, umekataa, naye ataondoka na aibu yake, hakuna ugomvi. Ukiiokota na kumrudishia..." Akamtazama mama, kisha baba. "Umesema shida yake ni yako. Alikuomba uingize basi shabiya, umbebe binti yake. Wewe ukaiokota, ukaipangusa, ukasema inshallah mbele ya mwanao. Wakakuchinjia."

"Mimi siwezi kuingiza basi huko," baba akasema. "Ningefukuzwa siku hiyohiyo."

"Najua. Lakini wao wangejuaje? Waliacha kuja kituoni kwa sababu kukufuata kituoni kungekuwa kusema hawakuamini."

Baba aligeukia ukutani. Nilidhani amelala, kisha nikaona bendeji inalowa upande wa jicho zima. Mimi nilihisi ahueni, mtoto mimi, kwa kuwa baba hakuwa mwizi. Ilinichukua miaka kufahamu kwamba yeye alihisi kinyume.

Bu Rashid alikuja wodini siku ya kutembelea wagonjwa. Alikuwa amekonda, na alisimama mlangoni hadi mama alipomwita. Hakumwita tena baba dereva. Alimwita Bu Wakio, baba yake Wakio, kama wanavyoitana wenyewe kwa wenyewe. Ustadh Idris alitafsiri. Rashid yuko ndani, amevunjwa mikono yote miwili, na mtu asiye na uraia akiingia huko hana ubalozi wa kumuulizia. Kisha mzee akaivua agali, akaitupa kwenye sakafu nyeupe ya hospitali.

Mama akasema, "Usiiguse. Baba Wakio, nakuomba, usiiguse."

Safari hii baba alijua. Aliitazama kwa jicho lake moja kwa muda mrefu. Kisha akateremsha miguu kitandani, akapiga magoti, sindano ya maji ikachomoka mkononi na damu ikamchuruzika hadi vidoleni. Akaiokota. Lakini hakumrudishia. "Mwambie," alimwambia Ustadh Idris, "nitampa siku mwanawe atakapotoka. Siwezi kumrudishia mara ya pili na mikono mitupu."

Tulikwenda polisi sote watatu, baba akijishikiza bega la mama asijikwae. Alimwambia afisa kwamba amemsamehe yule kijana, hana dai lolote, amwachie aende nyumbani. Afisa alikuwa mtu mpole. Alituagizia chai. Akamsikiliza hadi mwisho, kisha akamwambia kwa Kiingereza kile ambacho baba alikirudia maisha yake yote, wakati mwingine usingizini.

"Jicho ni lako, unaweza kulisamehe. Kioo ni cha serikali."

Basi lilikwisha rudi barabarani wakati huo, kioo kipya, safi, na dereva mpya kutoka Nepal. Baba alirudi polisi mara nyingi, mpaka wakamkataza. Dereva wa jicho moja hana kazi, na mama alikataa kubaki bila yeye. Siku ya kuondoka teksi yetu ilizunguka raundabauti, na Nura alikuwa amesimama kwenye kokoto. Nikashusha dirisha nimwite. Akaniangalia vizuri, akajua ni mimi, akanirushia jiwe. Lilinipata juu ya nyusi. Kovu ninalo hadi leo. Akarusha jingine, akakimbia nyuma ya gari, yeye ambaye hakuwahi kukimbia katika maisha yake, akiokota na kurusha, mpaka pumzi ikamwishia akainama, mikono magotini. Baba akamwambia dereva asimame. Mama akamwambia aende.

Kila aliyekwenda Doha kutoka Voi baada ya hapo, baba alimfuata hadi stendi. Alimpa jina la Rashid, jina la mzee, maelezo ya raundabauti. Wengi hawakupiga simu. Mmoja tu, kijana wa ulinzi, alimpigia miaka mingi baadaye kumwambia kwamba pale siku hizi treni inapita chini ya ardhi, kuna stesheni nzuri ya vioo vitupu, na shabiya ilivunjwa yote. Baba akamuuliza, "Na watu?" Kijana hakujua. Alisema hakuna aliyemuuliza akajua.

"Dada, nakuuliza," Mwadime alikuwa akisema. Moto wa kuchoma nguo mbovu ulishaanza kuwaka pembeni ya ua. "Hii nayo tuichome?" Nilichelewa kujibu. Akachoka kungoja, akaitupa, ikaangukia vumbini miguuni pangu, na waombolezaji wote wakageuka kunitazama kwa kuwa nilikuwa nimesimama ghafla.

Ningeweza kuiacha pale. Hakuna mtu kati yao ambaye angenidharau, na mama, aliyekuwa kwenye kiti chake mlangoni, alinitikisia kichwa: usiiguse. Niliinama nikaiokota mbele ya watu wote.